Kivuli Chini ya Akrabu

Malindi,
Mfunguo Nne, 1407
(Septemba 1986)

Kwa mama yangu mpenzi, Bi Zuleikha, Takaungu.

Shikamoo mama yangu. Natumai waraka huu utakukuta umeamka vyema, miguu haijavimba, na vidonge vya presha unavimeza kila siku kama alivyokuagiza Sista Mwikali wa zahanati, si kimoja leo na cha pili siku ukikumbuka. Majirani zako hawajambo? Na yule mbuzi mwenye kiburi, bado anapanda kibarazani kwako kana kwamba amealikwa? Mimi mwanao sijambo wa mwili. Moyo ndio hautulii, na ndiyo sababu ya kukuandikia.

Utashangaa kuona herufi za Kiarabu, na mwandiko wangu ule uliokuwa ukisema ni wa kuku aliyekanyaga wino. Najua siku hizi barua zangu husomewa na Sista Mwikali, nami huandika kwa herufi za kizungu ili apate kuzisoma. Huu nataka uusome mwenyewe, kwa miwani yako, mlango umeufunga. Mwikali ni mtu mwema na hana udaku, lakini haya si yake. Jefwa mkwezi wako, ambaye ndiye aliyekukabidhi bahasha hii, hasomi herufi za aina yoyote. Najua umeshajiuliza Jefwa na mimi tumekutana wapi. Subiri kidogo, mama, nitafika huko. Nimeanza waraka huu mara kadhaa nikauchana, kwa sababu kila nikianza nafika huko upesi mno.

Habari za huku ni za kawaida. Wageni wamepungua tangu Agosti iishe, na Wataliano waliobaki wanatembea juani bila kofia mpaka wanafanana na kamba waliochemshwa. Duka la saa la marehemu baba lingali linanipa riziki. Wanaume bado hufika mlangoni, wakaniona nimekaa mezani na kioo jichoni, wakauliza fundi yuko wapi. Huwaambia fundi yumo ndani ya hili buibui. Wengine hucheka, wengine huona haya, lakini saa zao huziacha. Watoto wa mtaani wamenipa jina, naitwa Bi Majira, na nikienda sokoni huniuliza saa ngapi hata wakiwa wamesimama chini ya saa ya msikiti.

Bwana Abubakr wa duka la vitambaa anakusalimu sana. Nilikueleza mwezi uliopita kwamba safari hii Kadhi amekubali kulisikiliza shauri langu. Huu ni mwaka wa nane tangu Taib atoweke, tangu mtumbwi wake uonekane unaelea mtupu nje ya mwamba, na hakuna aliyesema amemwona, hai wala maiti. Kadhi amesema kilichobaki ni mimi kushika Msahafu mbele yake Jumatatu inayokuja, niape kwamba tangu siku ile sijapata habari yoyote ya mume wangu. Nikisha kuapa atahukumu kuwa Taib amekufa, nikae eda, kisha niwe huru kuolewa. Bwana Abubakr amengoja muda wote huo bila kunung'unika. Mtu anayeweza kungoja hivyo, nami unavyonijua nilivyo na haraka, ni rehema niliyoletewa. Nampenda, mama. Nakuandikia wewe kwa sababu yeye mwenyewe sijamwambia.

Nami nilikuwa tayari kuapa. Nilikuwa nimeshachagua hata buibui la kuvaa.

Basi wiki iliyopita alikuja dukani kijana mmoja wa bara, jina lake Kamande, anayetunza boti na vifaa vya kupigia mbizi katika hoteli moja ya Kikambala. Alivaa shati la maua na alizungumza Kiswahili cha mbio, bila hodi wala shikamoo. Akatoa mfukoni saa iliyoviringishwa kwenye karatasi ya sigara, akauliza kama mimi ndiye yule mama anayejua saa za wapiga mbizi. Alinieleza kwamba hotelini kwao kuna mgeni Mjerumani anayekusanya saa za zamani za kupigia mbizi, na mgeni huyo amemwambia jambo lililomvuruga akili. Kama uso wa saa ni ule ule iliotoka nao kiwandani, ataichukua. Kama umepakwa rangi upya, haitaki hata bure. Kamande alikuwa hajapata kusikia mtu anayekataa kitu kwa sababu ni kipya. Akaniomba niichunguze nimwambie ukweli, na ukweli ukiwa mbaya, niipake rangi iwake kama taa ya gari, mgeni asijue.

Nilicheka kweli. Nilimwambia kwamba uso wa saa ni kama uso wa mwanamke mtu mzima, ukiupaka poda nyingi wanaokujua hawadanganyiki, na wasiokujua wanauliza unaficha nini. Nilimwambia pia kwamba rangi za zamani hazichezewi, vumbi lake ni sumu, na kwamba baba alipata kumfukuza mwanafunzi wake dukani kwa kulamba brashi. Kamande akasema yeye si fundi wala si daktari, anachotaka ni jibu. Nikaichukua saa, nikatia kioo jichoni.

Wewe umeishi na fundi miaka yote ile, unajua kazi inavyoanza. Kwanza hutazamwa rangi. Ile rangi ya kuwaka gizani iliyotiwa kwenye nukta za saa na kwenye akrabu, mishale yake, huzeeka pamoja kwa kuwa ilitiwa pamoja. Huanza na weupe wa maziwa, ikaishia na rangi ya samli. Ukikuta nukta za samli na akrabu nyeupe, ujue mkono wa pili umepita hapo. Kisha hutazamwa kingo. Nukta ya kiwandani imelala, imejaa mpaka ukingoni na haikumwagika. Ya fundi wa mtaani ama imeruka mpaka ama imevimba. Baba alikuwa akiniambia nisiitazame saa nzima, niiulize nukta moja moja, maana zikiwa pamoja husaidiana kusema uongo.

Ile saa ilinipendeza mara moja. Nukta za samli, akrabu za samli, maandishi hayajaguswa, hata pete ya nje bado ina alama zake zote. Nilikuwa nazunguka nukta moja moja huku mdomo ukimtania Kamande kuhusu shati lake, na nilikaribia kumpa habari njema, ndipo jicho likafika kwenye nukta ya saa kumi.

Nukta hiyo ilikuwa imevimba kama chunjua. Rangi yake haikuwa ya samli, ilikuwa ya chai kavu. Mama, niliweka kibano chini kabla kichwa hakijaelewa kitu.

Unakikumbuka kipele changu, kipele cha Zeina? Ulikuwa mwaka wa kwanza wa ndoa yangu. Taib alikuwa amepewa saa ile na Mtaliano mmoja aliyekuwa akimpeleka kwenye matumbawe, na kabla ya msimu kwisha akaigonga kwenye mwamba, kioo kikapasuka na nukta moja ikadondoka. Baba alikuwa Mombasa kutafuta vipuri. Nami nikataka kumwonyesha mume wangu kwamba amemwoa fundi. Nikachokoa rangi kidogo kwenye kile kichupa cha baba, nikaichanganya na gundi, nikaitia chai ya rangi ipate kufanana na uzee wa wenzake, nikaipachika. Nikaitia nyingi. Baba aliporudi akaitazama kwa kioo, akacheka mpaka kofia ikamwanguka, akakiita kipele cha Zeina. Nilitaka kukibandua nikifanye upya, akanikataza. Akasema kiachwe, siku saa ikipotea tutaijua kwa kipele chake. Wewe ulikuwa umekaa pale pale unachambua mchele, ukasema afadhali chunjua kwenye saa kuliko kwenye pua ya bibi harusi.

Saa ilikuwa ya Taib. Ile ile aliyokuwa ameivaa asubuhi aliyotoka nyumbani akaenda kuvua kamba nje ya mwamba asirudi.

Nilimwomba Kamande atoke akanywe kahawa kwa mzee wa jirani, nikamwambia kazi inayofuata hufanywa gizani na haitaki mtu. Nikaikaribisha saa kwenye taa, kisha nikatwaa lile buibui lako kuukuu linaloning'inia nyuma ya mlango, lile alilokuwa akijifunika baba kutazama saa mchana kweupe, nikajifunika gubigubi. Nukta zote zilikuwa kiza. Rangi ya zamani yote ilishakufa, kama inavyofaa saa ya umri ule. Kilichowaka ni kipele changu peke yake, kikawaka kidogo kama jicho la paka, kikafifia. Nililia humo ndani ya buibui. Niliona kama nimeushika mkono wake.

Na nilipovuta pumzi ya kulia, nikasikia harufu yako.

Nilidhani ni buibui, kwa kuwa lilikuwa lako. Nikalivua, nikalinusa peke yake. Lilinuka mafuta ya saa na vumbi, baada ya miaka yote dukani lingenuka nini kingine. Nikaunusa ukanda wa saa. Udi. Wala haukuwa udi wa dukani, mama. Ulikuwa ule unaouchanganya mwenyewe, wa sukari na zabadi, ule ambao hujapata kumfundisha mtu hata mimi, na ambao umo katika kila nguo inayotoka kwenye sanduku lako la njumu. Nikaukaribisha puani tena na tena kama mwendawazimu. Nikajiambia wanawake wa pwani wote wanafukiza udi. Kisha nikaifungua saa, na huko ndani hakukuwa na nafasi ya kujidanganya.

Nilipozisogeza akrabu, chini yake palikuwa na kivuli. Alama mbili za rangi ya kahawa, fupi na ndefu, zimechoreka kwenye uso wa saa kwa umbo lile lile la akrabu. Nadhani hata baba hakuwahi kukuonyesha jambo hili, kwa sababu si la kila siku. Ile rangi ya zamani ina moto wake usioonekana. Saa ikiwa inatembea, akrabu hazikai mahali, kwa hiyo haziunguzi kitu. Lakini saa ikisimama na kulala hivyo hivyo miaka, akrabu huunguza polepole pale zilipolalia, zikaacha kivuli ambacho hakitoki. Na ndani mote palikuwa pakavu. Hapakuwa na chembe ya kutu, hapakuwa na chumvi, wala rangi haikugeuka ukungu wa kijani kama inavyogeuka saa ikiingiwa na maji ya bahari.

Kwa hiyo nikajua mambo mawili, nimekaa pale na kibano mkononi. Saa hii haikuzama na mtu. Wala haikuvaliwa na mtu. Ililazwa mahali pakavu, ndani ya udi, ikakaa miaka.

Nilipomwita Kamande aingie nilikuwa nimeshanawa uso. Nilimwuliza ameipata wapi. Akaapa kwamba si mwizi, akasema aliinunua Mnarani alipokuwa akingoja feri ya Kilifi, kwa mkwezi mmoja wa Takaungu anayeitwa Jefwa. Nilimwambia ukweli wa kazi yangu, kwamba saa hii ina nukta moja iliyotiwa na mkono wa pili, na uso wake una kivuli, hivyo mgeni wake hataitaka. Kisha nikamtolea saa ya kupigia mbizi ya baba, ile aliyokuwa akiiweka kwenye kabati ya kioo, ambayo haijaguswa na mtu tangu itoke kiwandani, tukabadilishana. Kamande aliondoka anakimbia, akidhani nimepungukiwa na akili. Naomba radhi kwa roho ya baba, lakini naamini naye angebadilisha.

Siku iliyofuata sikulifungua duka. Nilipanda basi mpaka Kilifi, nikavuka feri, nikaingia Takaungu. Ndiyo mama, nilifika Takaungu, nikauona ukuta wa nyumba yako na kanga zako zimeanikwa, na sikubisha hodi. Hilo ni kosa langu kwako na ninaliungama kabla ya lingine lolote. Niliogopa kwamba nikikuona uso wako nitakuamkia, utanipikia, tutakula, na nitarudi Malindi nimeshiba bila kujua chochote. Wewe unajua kunishibisha nikanyamaza.

Nilikwenda shambani moja kwa moja. Jefwa alikuwa juu ya mnazi. Nilisimama chini nikaiinua ile saa aione, na baada ya hapo alikaa huko juu muda mrefu kuliko nazi zilivyohitaji. Aliposhuka alianza kuniomba nisimwambie bibi. Alisema ulimwita baada ya kusikia kwamba Kadhi amelipokea shauri langu, ukampa kitu kilichofungwa kwa kitambaa cha kanga, ukamwamuru akitupe kwenye kilindi cha mlango wa maji bila kukifungua. Yeye akakifungua. Akaona saa nzima, akasema moyoni kwamba kwao kutupa kitu kizima ni kujitakia nuksi. Akaiuza Mnarani kwa kijana wa kwanza aliyeitaka. Usimfukuze kazi, mama, tafadhali. Nilimwahidi kwamba sitasema, naye ndiye aliyeniruhusu niandike, kwa sharti kwamba nikuombee msamaha wake. Nakuomba.

Nikamwuliza kama anajua wewe uliipata wapi. Jefwa akanitazama kwa huruma ambayo sikuipenda. Akasema alidhani ninajua. Alidhani miaka yote hii ninajua, na kwamba ninanyamaza kwa heshima.

Alisema alimwona Taib kwa macho yake. Zilikuwa siku zile zile ambazo wavuvi wa Malindi walikuwa bado wanamtafuta. Alikuja kwa mlango wa uani, amekonda, amebeba mfuko. Ukampakulia wali. Mkazungumza kwa muda, wewe ukalia, yeye akalia. Kisha akaivua saa mkononi, akaiweka katika kiganja chako, akakifunga kiganja kwa mikono yake miwili, akashika njia ya Mombasa kwa miguu. Jefwa alikuwa juu ya mnazi wa uani, aliona kila kitu na hakusikia hata neno moja. Aliposhuka ukamwambia kwamba leo hakuja mtu. Naye ni mtu wa neno lake, mpaka nilipomwonyesha saa.

Mama, mimi wakati huo nilikuwa Malindi nimekaa chini kwenye mkeka, wanawake wamenizunguka wanasoma Yasini, na mume wangu alikuwa uani kwako anakula wali.

Tangu siku hiyo sikai. Nikikaa nasimama, nikisimama nataka kutoka, nikitoka nimesahau nilikuwa naenda wapi. Nimefungua saa za watu nikazifunga bila kuzitengeneza. Kila jambo la miaka hii nane limerudi na sura nyingine. Nakumbuka ulichelewa kufika kwenye matanga, ukaja macho mekundu, ukasema feri iliharibika. Nakumbuka wazee walitaka nikae eda, ukasimama katikati ya watu ukasema nani ameiona maiti, mwanangu hakai eda ya mtu asiyeonekana. Malindi nzima ilikusifu kwa kutokata tamaa. Na kila nilipotaja kwenda kwa Kadhi, presha ilikupanda, nami nikaliacha shauri, nikaja kukukanda miguu, nikijilaumu kwamba haraka yangu ya kuolewa itaniulia mama. Bwana Abubakr alirudishwa na presha yako si mara moja.

Nimekukasirikia, mama. Nakuambia wazi kwa sababu mbele yako sitaweza. Nimekasirika mpaka nimevunja bilauri mbili, na ile ya pili niliivunja kwa makusudi. La kuvunda halina ubani, hata udi wako haukulifunika.

Lakini hasira yenyewe haitulii, kila nikiishika inaniponyoka, maana naona pia ulichokuwa ukikifanya. Hukutaka nikae eda ya mtu aliye hai. Hukutaka niozwe juu ya mume. Uongo ulikuwa umeushika mkono mmoja na hofu ya Mungu mkono wa pili, na ukakaa hivyo miaka yote, peke yako. Hiyo presha si bure. Na sababu nazikisia. Pengine uliogopa nikijua yuko hai nitamfuata. Pengine uliogopa maneno. Mjane wa bahari hupelekewa chakula, mwanamke aliyeachwa hupelekewa maneno, na wewe hukutaka niletewe maneno. Najua pia Taib alikuwa akinisihi twende Uarabuni, nami nilimwambia akitaka aende, mimi meza ya baba siiachi. Basi alikwenda. Kwa nini alikwenda kwa njia ile, na yuko wapi, hayo nitayauliza siku nyingine, au sitayauliza.

Leo nina swali moja tu, na siri ya mtungi aijuaye kata. Taib alikuambia nini alipokupa saa?

Maana iko njia mbili. Pengine alisema kwamba ameniacha, akakupa saa iwe ushahidi wa neno lake, nawe hukulifikisha. Kama ni hivyo, nimekuwa mwanamke huru miaka yote hii bila kujua, nikimkatalia mtu mwema kwa sababu ya ndoa isiyokuwapo. Au pengine alisema atarudi, akaiacha saa kuwa amana mpaka siku hiyo, nawe umekuwa ukimngoja kwa niaba yangu. Kama ni hivyo, bado mimi ni mke wa mtu, na nimekaribia kumzika akiwa hai kwa kiapo cha uongo.

Kiapo chenyewe siwezi tena kukila, kwa vyovyote. Jumatatu nitakwenda kwa Kadhi na nitamwambia yaliyopo, na Bwana Abubakr nitamwambia kabla ya Kadhi. Lakini sitaki kuingia pale nikiwa sijui mimi ni nani.

Ndani ya mfuko aliokuletea Jefwa, chini ya vidonge vyako, imo saa. Nimeisafisha mashine, nimeitia mpira mpya wa kuzuia maji na kioo kipya. Uso sikuugusa. Kivuli kimekaa pale pale na kipele changu pale pale, kwa sababu yote mawili ni ya kweli, na fundi haruhusiwi kufuta la kweli ili saa ipendeze. Nimeiacha ikaisha nguvu, imesimama. Itakapokufikia haitakuwa na sauti.

Nitakuja Jumapili asubuhi. Sitaki useme kitu mbele ya Mwikali wala mbele ya majirani, na kama ulimi wako ni mzito, sitaki useme hata mbele yangu. Wewe ni mke wa fundi, hujasahau kutia ufunguo. Kama Taib alitamka talaka, itie saa ufunguo asubuhi hiyo, uiweke mezani ikiwa inatembea. Kama aliiacha amana, iache kama ilivyo. Mimi nitaelewa, na siku hiyo sitauliza zaidi. Tutapika, tutakula, nitakukanda miguu.

Nisalimie Sista Mwikali, mwambie dawa ya macho aliyoiagiza nimeipata. Wasalimie majirani wote kwa majina yao, na Jefwa umwambie kwamba sijamsahau kwa nazi alizonipa. Bwana Abubakr anakuombea afya, naye hajui anachokiombea. Nakuletea halua ya Malindi, ile laini isiyokuchosha meno, na kipande cha udi nilichokinunua dukani, kisichofika hata robo ya ule wako. Ukiwa na radhi nami, niombee dua. Ukiwa huna, niombee pia, kwa sababu sina mama mwingine wala simtaki.

Nitabisha hodi kama kawaida, na nitakubusu mkono kama kawaida. Ila unisamehe jambo moja, usiku wa kuamkia leo nimejaribu kujizuia moyoni nikashindwa. Jumapili nikiingia, kabla sijakuambia shikamoo, nitaichukua saa kwanza niiweke sikioni.

Mimi mwanao,
Zeina